Bomba lile lile, chuma kile kile, majibu mawili: nifuate kitabu kipi?

NatiNaBolti:
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kabla sijaaibika kikaoni.

Tuna tenki la presha: bar 10, nyuzi joto 180, kipenyo cha ndani milimita 1,200, bamba la chuma la SA-516 daraja la 70. Tenki linafuata ASME Section VIII Division 1 (kitabu cha kanuni za matenki ya presha), mabomba yanayoungana nalo yanafuata B31.3 (kitabu cha kanuni za mabomba ya viwandani). Nyongeza ya kutu, yaani unene wa ziada wa kuliwa na kutu, ni milimita 3 kote.

Kinachonisumbua ni nozeli ya inchi 6, mdomo wa tenki unapounganishwa bomba. Shingo yake ni bomba la chuma la A106 daraja B, na bomba linaloendelea baada yake ni A106 B hiyo hiyo. Kiwanda kinachotengeneza tenki wametumia mkazo unaoruhusiwa (nguvu ambayo kitabu kinakubali chuma kibebe) wa MPa 118, mimi kwenye bomba nimetumia 138. Tena wao wameweka skedyuli 80 (namba ya unene wa ukuta wa bomba), mimi skedyuli 40, iliyo nyembamba zaidi. Nimeshawaandikia kwamba wanapoteza chuma bure. Wamenijibu neno moja tu: "Hapana."

Halafu jaribio la maji, la kujaza maji na kupandisha presha kupima uimara: wao bar 13, mimi bar 15, na bosi wa saiti anataka tuunganishe vyote tupime mara moja. Nani yuko sahihi?

Mkavu:
Chukua iliyo kali kuliko zote, itumie kila mahali, ukalale. 118 kote, bar 15 kote.

MzeeBoila:
Mkavu, unampoteza kijana. Bar 15 kwenye tenki lililopigiwa hesabu ya 13 si "kali", ni kulibebesha mzigo ambao hakuna aliyeukagua. Ukitaka kupita 13, ganda, vifuniko, flenji na kila kiungo virudi kwenye hesabu kwanza.

Nati, wote wawili mko sahihi. A106 B inakatika kwenye MPa 415. Gawa kwa 3.5, unapata 118. Gawa kwa 3, unapata 138. Chuma hakijabadilika, kilichobadilika ni kigawanyo, na kila kitabu kimekipanga pamoja na ukaguzi wake, weldi zake na jaribio lake. Ndiyo maana huchukui namba ya huku ukaipeleka kule. Sisi wa zamani tunakumbuka Division 1 ikigawa kwa 4 na tenki likipimwa kwa mara 1.5 ya presha. Mwaka 1999 kigawanyo kikashuka hadi 3.5 na jaribio likashuka hadi mara 1.3. Vilishuka pamoja. B31.3 imebaki na 1.5 yake, na ndiyo hiyo bar 15 yako.

Swali langu: nozeli hiyo ina flenji (sahani ya kufungwa kwa bolti), au bomba linachomelewa moja kwa moja?

NatiNaBolti:
Moja kwa moja, mzee. Hakuna flenji.

MzeeBoila:
Basi mpaka wa vitabu vyenu viwili uko kwenye weldi ya kwanza inayozunguka bomba. Ingekuwepo flenji, mpaka ungekuwa uso wa flenji ya kwanza. Shingo hadi ncha iliyonolewa kwa kuchomelea ni mali ya tenki, 118. Weldi yenyewe na vyote vinavyofuata ni vya B31.3, 138.

Kikokotoo:
Samahani wakuu, mnagombania mkazo wakati hapa mkazo hauamui chochote. Pigeni hesabu. Bomba la inchi 6 lina kipenyo cha nje milimita 168.3. Kwa bar 10, B31.3 inataka milimita 0.61, Division 1 inataka 0.71. Tofauti yenu yote ni milimita 0.1! Ongeza kutu 3, toa upungufu wa kiwandani wa asilimia 12.5, wote mnaangukia milimita 4 na ushee. Skedyuli 40 ni 7.11. Inapita kwa vitabu vyote viwili.

Kinachoibana shingo ni UG-45, kifungu cha Division 1 kuhusu unene wa shingo za nozeli. Hiyo haiangalii presha tu. Inajua kwamba nozeli itavutwa na kusukumwa na bomba likipata joto, kwa hiyo inaweka unene wa chini. Njia ya kwanza ni unene wa ganda la tenki: lako linahitaji milimita 4.4, ukiongeza kutu ni 7.4. Njia ya pili ni jedwali la UG-45: 6.22 kwa inchi 6, ukiongeza kutu ni 9.22. Unachukua ndogo kati ya hizo, 7.4. Sasa skedyuli 40 ukitoa asilimia 12.5 inabaki 6.22. Imefeli. Skedyuli 80 ni 10.97, inabaki 9.6. Imepita. "Hapana" yao ilikuwa na hesabu nyuma yake.

NatiNaBolti:
Mungu wangu. Na ile barua nilimnakili meneja.

WeldiSafi:
Kabla hujalia, kuna jambo la mchomeleaji. 10.97 ikikutana na 7.11, ndani kunabaki ngazi ya karibu milimita 4. Ruti ya weldi (tabaka lake la kwanza, la ndani) haitakaa vizuri pale na picha ya mionzi itakuja na doa ambalo mtabishana nalo wiki nzima. Waambie kiwanda ncha ya shingo ichongwe kwa mteremko, milimita 3 za urefu au zaidi kwa kila 1 ya unene, na ionekane kwenye mchoro. Msiwaachie vijana wa saiti na grainda.

MzeeBoila:
Nimalizie la maji. Bosi wako anaweza kupata anachotaka. B31.3 inaruhusu bomba kupimwa pamoja na tenki kwa presha ya tenki kama kuvitenga haiwezekani kivitendo, mwenye mtambo amekubali, na presha hiyo haipungui asilimia 77 ya ile ya bomba. Asilimia 77 ya 15 ni 11.55. Ninyi mna 13. Weldi bila flenji huwezi kuitenga kwa blanki (sahani ya kuziba), kwa hiyo sababu unayo. Idhini ya mwenye mtambo ichukue kwa maandishi, kabla ya kufungua maji.

NatiNaBolti:
Asanteni sana wakuu. Sasa barua ya pili kwa kiwanda naianzaje?

Mkavu:
Anza na "Samahani". Na meneja mnakili tena.