Waliowahi kuambiwa "una kinyama tumboni", tupeane uzoefu

MalindiJuu
Asalaam aleikum. Leo baada ya Alasiri imamu katuombea dua kwa mzee mmoja wa mtaani, kapigwa kamera, ule mpira unaopitishwa mdomoni kuangalia tumbo, akaambiwa ana kinyama tumboni. Kutoka nje barazani watu wameshamzika. "Hio si ndio kansa yenyewe hio," kahawa mkononi. Nikanyamaza, maana na mie ninavyo, miaka sasa, na kazi nafanya na pilau nala.

Yangu yalianza na kiungulia. Nikawa najinunulia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, duka la dawa mwaka hadi mwaka, daktari hajaniona. Kupigwa kamera, vidonda hamna, ila sehemu ya juu ya tumbo vimetapakaa vinyama vidogo vidogo, laini, vyang'ara. Wakachomoa viwili vitatu kupeleka maabara. Majibu: ni vya tezi za tumbo, aina inayowatokea sana wanaokunywa dawa za kupunguza asidi kwa muda mrefu, na kugeuka kansa kwake ni nadra mno. Daktari akasema tutazame kama dawa bado naihitaji. Basi, nikenda zangu nyumbani.

Aliyewahi kuambiwa aje aseme chake kilikuwa cha aina gani. Watu wanavihesabu vyote kansa.

BiKirembo
Umesema kweli baba. Siku hizi hata chango ni kansa.

BintiChokocho
Mmenitonesha. Ya mama yangu sijawahi kuyaeleza hapa.

Alianza kwa kuchoka. Kutoka kisimani kuja nyumbani anakaa chini njiani. Macho meupe, kucha nyeupe. Wanamtia damu, anarudi na nguvu zake, baada ya muda imekwisha tena. Tukaambiwa kuna mkono wa mtu, tukanywesha kombe. Siku tuliyoamua kumpeleka Unguja, bahari imechafuka, kufika mkondo wa Nungwi boti nzima inatapika. Kwa hivyo mama kutapika hakuna aliyeshtuka, mpaka nilipouangalia mfuko. Damu nyeusi, mabonge.

Kwenye kamera waliniacha nisimame mlangoni. Wakampulizia ganzi kooni, wakamtia kipete cha plastiki mdomoni auma, nesi kamshika paji la uso, mpira ukapita. Machozi yanamtoka lakini katulia. Kwenye skrini nikakiona: kinyama chekundu chenye kikonyo chake, kimening'inia karibu na mlango wa chini wa tumbo kama karafuu mbichi tawini, ila kikubwa, na kinavuja damu. Wakakata kipande, kikatiwa kichupani.

Majibu yalipotoka ndipo balaa. Binamu yetu mmoja aliyesomea somea mambo ya maabara akaiona karatasi, akasoma "adenoma", akapiga simu Pemba: mama ana kansa, mwezi haumalizi. Jioni ile ile kaka'ngu mkubwa akaingia shamba na ndoo ya chokaa, anatia alama mikarafuu. Huu wangu, huu wako, ule wa yule. Mama yuko hai kitandani anakunywa uji!

Daktari alipotuita akatwambia adenoma bado si kansa. Ni kinyama ambacho kikiachwa kinaweza kugeuka, na kikipita sentimita mbili hofu huzidi, ndio maana kikionekana kinatolewa chote. Wakakitoa kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mpira ule ule, kikakatwa kwa umeme, tumbo halikupasuliwa. Maabara wakakipima chote: kansa hamna, na kingo zake safi. Anarudishwa kamera kila baada ya muda. Damu haijapungua tena, na msimu uliopita alisimamia uchumaji mwenyewe.

Yakhe_Konde
Kinyama tuache. Mikarafuu ilirudi?

BiKirembo
Na mie ndo nilotaka kuuliza hilo hilo.

KijanaWaDarajani
Mirathi ya mtu aliye hai inatoka wapi? Huyo kaka alisoma chuo gani cha Kurani?

BintiChokocho
Mama alirudi, akaiona chokaa. Hakusema kitu. Akamwita kaka, akampa ndoo ya maji na brashi.

Yakhe_Konde
😂😂 Wallahi huyo ndo mama.

HabatSodaTu
Mnapoteza hela na mipira ya hospitali. Habat soda, asali mbichi, na maji ya mwarobaini asubuhi kabla ya chai. Vinyama vinapukutika vyenyewe. Nina ushahidi.

Nesi_Mstaafu
Ushahidi wa kamera au wa mdomo? Asali kunywa, hakuna aliyekukataza. Lakini kusinyaa kwa vinyama kuna sababu yake. Vipo vinavyoota kwenye tumbo lililokaa na mchubuko wa miaka, na mara nyingi mchubuko huo unaletwa na kijidudu cha Helikobakta pailori. Akitibiwa kijidudu, vingi vya aina hio husinyaa. Ni antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida wiki mbili. Watu wakipata nafuu siku ya nne wanaziacha, kisha wanakuja kwako. Na kijidudu hicho wakala wa WHO wa utafiti wa kansa alikitia kwenye orodha ya visababishi vya kansa tangu 1994.

HabatSodaTu
Vitisho vya wazungu wauze dawa.

Nesi_Mstaafu
Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 alikunywa mchuzi wa vijidudu hivyo mwenyewe ili aaminiwe, tumbo likamuuma, akatapika. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel 2005. Wewe umekunywa nini?

Yakhe_Konde
Mtu kunywa vijidudu kwa hiari yake, huyo kapandisha.

MwanaMchangani
Mie ni wa hivyo vya kijidudu. Nilitibiwa, nikapimwa choo mwezi na kitu baada ya kumaliza dawa kuona kama kimekufa kweli, kisha kamera ya pili haikuona kinyama. Nesi kasema sawa. Ila ile ganzi ya kupuliziwa kooni, yarabi, uchungu wake!

GatiHamsini
Kwa hivyo omeprazo ndo zinaleta kansa? Nimetupa pakiti nzima saa hizi.

MalindiJuu
Sijasema hivyo mie! Soma tena.

Nesi_Mstaafu
Kaokote. Kama ulipewa kwa kidonda kilichotoa damu, au unakunywa vidonge vya maumivu kila siku, ukiiacha ghafla utarudi hospitali kwa machela. Kamuulize aliyekuandikia.

GatiHamsini
Hakuniandikia mtu.

Nesi_Mstaafu
Ndio tabu yenyewe hio. Nenda ukaonwe.

Pwani_Mchangani
Nasoma nacheka, lakini baba yangu alikuwa na adenoma na alikataa kutolewa. Wazee wenzake walimwambia kansa ikiguswa na chuma husambaa. Akakaa nayo. Aliporudi hospitali alikuwa amekonda, chakula hakishuki, na hapo ilikuwa kansa kweli. Kasafirishwa hadi Dar, ikawa hakuna la kufanya zaidi ya kumtuliza maumivu. Allah amrehemu.

BiKirembo
Amin. Pole sana mwanangu.

KijanaWaDarajani
Amin. Lakini hilo la chuma hata mie nimelisikia, si uongo wote...

Nesi_Mstaafu
Ni uongo wote. Kisichotolewa ndicho kinachopata nafasi ya kukua. Watu wanafunguliwa, kansa inakutwa imeshasambaa, wanalaumu kisu.

ShangaziWaFuoni
Mtoto wa ndugu yangu, kijana mbichi, alikutwa na vinyama tumboni havihesabiki. Daktari akataka na utumbo mpana uangaliwe, kisha akawaita ndugu zake wote. Kumbe upo ugonjwa wa kurithi, vinyama vinajaa utumbo mpana, na huko ndiko kansa inakotokea. Kwa hivyo kijana akiwa navyo vingi, au kwenu kuna waliougua kansa ya utumbo, semeni kwa daktari msione haya.

Kibandani
Mmesahau chumvi. Ng'onda na papa mkavu kila siku, tumbo litapona wapi?

Yakhe_Konde
Hapo sasa umevuka mpaka. Kansa tutapambana nayo, papa mkavu wa nazi utuachie.

Kibandani
Vyakula vya kukolea chumvi vinahusishwa na kansa ya tumbo, sikubuni. Roweka basi, umwage maji.

BiKirembo
Na sigara pia. Yakhe hapo kimya.

Chwaka_Boy
Samahanini, mie kesho asubuhi ndo kamera yangu. Chai naruhusiwa?

KijanaWaDarajani
Kuanzia saa sita usiku hata mate usimeze.

MwanaMchangani
Acha kumtisha. Mie maji kidogo niliruhusiwa.

Nesi_Mstaafu
Fuata karatasi uliyopewa, kila pahala wana utaratibu wao. Chakula sahau. Kama unakunywa dawa ya kuyeyusha damu au una sukari, waambie kabla. Na kama choo chako ni cheusi, waambie leo, usingoje kesho.

Chwaka_Boy
Choo salama. Na tambuu?

Nesi_Mstaafu
Chwaka, nenda kalale.