Diwani wa kata akitaka ubunge Kigoma Kaskazini: watu hukwama wapi?

Mwisho wa Reli ameuliza:

Wakuu, salaam. Kuna diwani wa kata moja huku Kigoma Kaskazini, ametumikia vipindi viwili na sasa anautazama ubunge 2030. Hesabu yake ni nyepesi: baraza analijua, watu wa kata wanamkubali, kilichobaki ni kuchukua fomu. Mimi naona kuna mashimo njiani ambayo hayaoni. Sheria inamtaka awe na nini hasa? Digrii ni lazima? Chama kikimkata, anaweza kusimama peke yake? Na fomu za Tume ya Uchaguzi zinaangusha watu wapi? Nani atashinda tuache, hilo lina uzi wake.

Mtendaji Mstaafu:

Digrii si sharti. Ibara ya 67 ya Katiba inataka raia mwenye miaka 21 au zaidi, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwanachama wa chama cha siasa na aliyependekezwa na chama hicho. Asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Hiyo ya kodi wenye biashara ndogondogo huwa wanaipita haraka. Kudaiwa na kutiwa hatiani ni vitu viwili tofauti, lakini mwenye jalada TRA, mamlaka ya mapato, alimalize mapema.

Kusimama peke yake: hapana. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipeleka suala la mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa ushindi, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, na Mahakama ya Afrika ya Arusha 2013 ikaamua kwamba katazo linavunja haki. Katiba yetu bado inadai chama. Kwa hiyo uchaguzi wa kwanza wa huyo diwani si wa Oktoba, ni ule wa ndani ya chama chake.

Na hapo ndipo udiwani unapodanganya. Kwenye kata umezoea kuwasalimia wajumbe, yaani wanachama wanaopiga kura ya ndani ya chama, kwa majina, unajua nani kafiwa na nani kaoza binti. Jimbo lina kata nyingi, na wajumbe wa Kalinzi hawana habari na daraja ulilolipigania kwenye kata yako. Utaratibu nao haukai mahali pamoja. CCM 2020 wajumbe walipiga kura kwanza, wenye nia nchi nzima wakizidi 10,000, kisha vikao vya juu vikachuja. 2025 ikageuzwa, Kamati Kuu ikachuja majina kwanza ndipo kura za maoni zikapigwa Agosti. Anayejipanga kwa mtindo wa uchaguzi uliopita atajikuta anawapikia wageni wasio wake. Asome kanuni za chama chake za mwaka huo huo, azisome mwenyewe.

Tukiwa hapo kwenye kupika: pilau, vitenge na "nauli" kwa wajumbe ni kosa hata kabla ya kampeni. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa mchakato wa uteuzi ndani ya chama pia, na ile takrima ya zamani, ruhusa ya kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta 2006. Halafu mjumbe atakula kwako, atakula kwa mwenzako, na kura atampa wa tatu. Msemo wa 2020 mnaukumbuka: wajumbe si watu wazuri.

Gungu Stendi:

Mimi niseme fomu tu.

Fomu ya uteuzi ya ubunge ni namba 8B, ya udiwani ni 8C. Ipo pia namba 10 ya kukubali maadili ya uchaguzi. Dhamana ya ubunge ni 50,000, lakini hakuna anayeangushwa na hiyo hela. Wanaangushwa na haya.

Wadhamini. Ubunge unataka wapiga kura wasiopungua 25 walioandikishwa ndani ya jimbo. Huku kwetu mpaka wa jimbo unapita katikati ya maisha ya watu. Mtu analala Gungu, duka lake liko Mwandiga, kadi alijiandikisha anakojua mwenyewe. Gungu ni Kigoma Mjini, Mwandiga ni Kigoma Kaskazini. Ukimchukua kwa sababu "ni mtu wetu" bila kutazama kadi, umejiwekea pingamizi mwenyewe. Shika kadi mkononi, nakili namba tarakimu kwa tarakimu, linganisha jina na kituo kwenye daftari. Usiandikiwe namba kwa simu. Kusanya wa ziada ili mmoja akichomoka usirudi chini ya 25.

Majina. Kama kadi ya mpiga kura inasema Juma Hamisi na barua ya chama inasema Juma H. Rashidi, hilo ni pingamizi tayari. Jina liwe moja kwenye kadi, fomu, barua na kiapo.

Tamko la mgombea linaapwa mbele ya hakimu. Watu huacha hili hadi siku ya mwisho, wanamkuta hakimu yuko kwenye kesi, na uteuzi unafungwa saa 10 jioni. 2025 siku hiyo ilikuwa Agosti 27. Saa 10 na dakika tano hakuna cha "nilikuwa njiani". Aape siku mbili tatu kabla, na fomu aipeleke kwa msimamizi mapema ili waipitie pamoja naye angali na muda wa kurekebisha.

Saini na muhuri wa chama viwe vya ngazi inayotakiwa. Fomu nzuri yenye muhuri wa tawi badala ya wilaya ni karatasi tu.

Akiwekewa pingamizi, ajibu kwa maandishi na kuambatanisha ushahidi. Msimamizi akimkata, rufaa inakwenda Tume. 2020 wapo waliokatwa majimboni wakarudishwa na Tume. Waliobaki kulalamika redioni hawakurudishwa.

Unyanyembe:

Natokea Tabora lakini mambo ni yale yale. Tuseme kashinda. Diwani mzuri huwa na tabia ya kuamini kwamba Dodoma ni baraza la madiwani lililokuzwa. Sivyo.

Kwenye kata alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo, mtendaji wa kata ni katibu wake, mambo yanamalizwa mezani. Lakini hata huko nguvu imepungua: barabara za vijijini ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017, maji yako kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, tangu 2019. Akiahidi jukwaani "nitachonga barabara", hana greda. Alicho nacho ni mdomo na kalenda.

Kalenda ndiyo kubwa. Bajeti inayosomwa Bungeni kuanzia Aprili imeshapikwa. Baraza limeipitisha mwanzoni mwa mwaka, ikapita mkoani, ikaenda wizarani. Mbunge ni mjumbe wa baraza la halmashauri yake, na wengi hawahudhurii. Anayekuja kuomba zahanati mwezi wa tano anaomba wali uliokwisha pakuliwa. Hapa aliyekuwa diwani anamzidi aliyetoka Dar na gari jipya: anajua kikao gani kinagawa nini.

Bungeni hawezi kuleta muswada wa kuongeza matumizi au kodi, Ibara ya 99 imemfunga, hayo yanapitia serikalini. Silaha yake ni kushika shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, fungu la mshahara wa waziri likitajwa, mbunge anasimama na hoja ya kisera. Asiporidhika na jibu anatangaza kuondoa shilingi, wenzake wanamuunga mkono au wanamwacha. Kinachoharibika: waziri anasema "Serikali inalichukua, tutalifanyia kazi", makofi, shilingi inarudi. Mwaka unaofuata hoja ni ile ile. Asiiachie shilingi mpaka waziri ataje mradi kwa jina na mwaka wa fedha, kwa sababu hayo ndiyo yatakayobaki kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.

Mfuko wa Jimbo, fedha za miradi midogo ya maendeleo jimboni, nao watu wanadhani ni pochi yake. Anaongoza kamati, lakini fedha zinapita akaunti ya halmashauri na manunuzi yanafuata taratibu. Bati 40 za shule hazitoki kwa simu.

Mwisho wa Reli:

Asanteni sana. Mawili ya mwisho. Akiwa mbunge akakorofishana na chama, inakuwaje? Na mwanamke anayeanzia udiwani wa viti maalumu, njia yake ni hii hii?

Mtendaji Mstaafu:

Viti maalumu ni njia nyingine: hapigi kampeni jimboni, anapita kwenye orodha ya chama, na chama kinapata mgao kikifikisha angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge nchi nzima. Akitaka jimbo, anarudi kwenye 8B kama wengine.

Kukorofishana: uanachama ukikoma, ubunge umekoma, Ibara ya 71. Mkoa wetu una mifano. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, alivuliwa uanachama NCCR-Mageuzi mwishoni mwa 2011, akakimbilia mahakamani, zuio likamwachia kiti. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipoachana na CHADEMA Machi 2015, aliaga Bunge. Naye alikuwa ameenda mahakamani mapema, ila kesi yake ilitupwa Machi hiyo hiyo; tofauti ni mahakama iliamua nini.

Gungu Stendi:

Nyongeza moja, maana mmemfikisha Dodoma bila kuhesabu kura. Fomu ya matokeo ya ubunge kituoni ni 21B. Wakala ahakikishe ana nakala yenye saini kabla hajaondoka, na ailinganishe na iliyobandikwa ukutani. Kafulila 2015 alidai matokeo yaliyotangazwa hayaendani na fomu za vituoni, Mahakama Kuu ikaitupa kesi 2016. Kufungua kesi kuna siku 30 tangu matokeo yatangazwe, na dhamana ya gharama inafika milioni 5 kwa kila mjibu maombi.

Kwa vituo vya mwambao, Mwamgongo na Kagunga, wakala awe mwenyeji wa hapo hapo. Wa kutoka mjini atawaza boti ya kurudi, na boti haimsubiri mtu anayenakili fomu.