Choo cha mwalo kimewekwa kwenye bajeti miaka miwili, hakijengwi. Tuanzie wapi kufuatilia?

DagaaKavu

Wakuu, salaam. Mwalo wetu, yaani pale mitumbwi inaposhusha dagaa, uko huku kandokando ya ziwa, mkoa wa Mwanza. Wachuuzi wa dagaa, mama lishe, wabeba mizigo na wavuvi wote wanategemea choo chenye matundu mawili, na moja limeshatitia. Choo kipya cha matundu kumi kimeandikwa kwenye bajeti ya halmashauri miaka miwili mfululizo, na hadi leo hakuna hata tofali moja eneo la mradi. Diwani anasema "kimeshapita Baraza". Mtendaji wa kata anasema fedha hazijashuka. Wakati huohuo mkusanya ushuru ametangaza kwa mdomo kwamba ushuru wa gunia unapanda mwezi ujao.

Naomba wenye uelewa watusaidie: kupita Baraza maana yake nini kama fedha hamna? Tuombe karatasi gani, kwa nani? Na ushuru unaweza kupanda hivihivi?

---

Kasma

Diwani na mtendaji wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Bajeti iliyopitishwa ni ruhusa ya kutumia fedha zikipatikana. Baraza la Madiwani linapitisha makadirio mapema, kwa kawaida Januari au Februari, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Fedha zenyewe zinakuja baadaye, au haziji.

Cha kwanza tazameni chanzo cha fedha. Kwenye kitabu cha bajeti kila mradi una kasma yake, yaani namba ya fungu lake la matumizi, na chanzo chake: mapato ya ndani, ruzuku ya maendeleo kutoka Serikali Kuu, au mfadhili. Choo cha mwalo mara nyingi huwekwa kwenye mapato ya ndani, na hapo ndipo kinapokwama. Makusanyo yakiingia, mapato lindwa, yaani yale yenye matumizi maalum yaliyokwisha kupangwa, yanawekwa kando. Asilimia 10 inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawo wa 4:4:2. Kinachobaki kinagombaniwa na matumizi ya kawaida na miradi. Mafuta ya gari na posho za vikao vinadaiwa kila mwezi, choo hakidai mtu. Makusanyo yakishuka, miradi ndiyo inayokatwa kwanza.

Na mapato ya mialo yanashuka kwa sababu inayojulikana na kila mtu hapo ufukweni. Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Ofisi ikichukua makusanyo ya mwezi mmoja mzuri na kuyazidisha mara 12, makadirio yanakuwa hewa tangu siku ya kwanza. Hoja hiyo ipelekeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata wakati bajeti inaandaliwa, kabla haijapanda juu.

Jambo la pili: mradi wa mapato ya ndani ambao haukutekelezwa hadi 30 Juni hauhami wenyewe kwenda mwaka unaofuata. Lazima uombewe upya. Kuuona tena kwenye kitabu maana yake umeandikwa upya, hakuna akiba iliyokuwa inausubiri.

Karatasi za kuomba ni taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka (tafuteni mstari wa mradi wenu: bajeti, fedha zilizopokelewa, fedha zilizotumika), muhtasari wa Kamati ya Fedha kama kuna fedha zilihamishwa kutoka kasma hiyo, na Mpango wa Ununuzi wa Mwaka. Barua iende kwa Mkurugenzi, maana yeye ndiye afisa masuuli, anayewajibika kwa fedha za halmashauri. Itajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa hadi siku 30 kujibu. Andikeni jina la mradi kama lilivyo kwenye kitabu, pamoja na kasma na mwaka wa fedha. Barua ya "tunaomba kujua maendeleo ya choo" inajibiwa kwa sentensi moja. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

---

FundiSanifu

Naongezea upande wa kiufundi, kwa sababu hata fedha zikishuka, choo cha mwaloni kinaweza kukwama kwa kosa la kwenye makaratasi.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wanataka choo karibu na mitumbwi, kata inaelekeza hapohapo, halafu mhandisi au mtu wa mazingira akifika eneo la mradi anakataa. Kabla ya jambo lolote vuteni tepu kutoka ukingoni. Pimeni kutoka pale maji yanapofika yakijaa, msipime kiangazi. Wanaokumbuka ziwa lilivyopanda 2020 wanaelewa kwa nini.

Kosa la pili ni kunakili BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na gharama, ya choo cha shule ya mlimani. Mlimani unachimba shimo refu na udongo unasimama. Mwaloni ni mchanga: ukishuka kidogo tu maji yanachuruzika na kuta zinaporomoka. Panahitajika karo (tangi la majitaka) fupi lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye kuta za zege au tofali zilizopigwa plasta isiyopitisha maji, na njia ya gari la majitaka kufika kunyonya. BOQ isiyo na vitu hivyo inaonekana rahisi, inapita haraka, halafu ujenzi unasimama kwenye lenta kwa sababu fedha yote imeishia chini. Mkiiona BOQ yenu, tafuteni neno "karo" na kipimo chake. Lisipokuwepo, semeni mapema.

Hata asiye fundi anaweza kukagua hesabu. Zege la 1:2:4 linakula kama mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Bamba la kufunika karo la mita 5 kwa 2.4, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 1.8, kwa hiyo mifuko 12. Mkiona imeandikwa 25 kwa bamba hilo, ulizeni. Mkiona 6, ulizeni kwa nguvu zaidi, kwa sababu watu watasimama juu yake.

---

Mwanasheria wa Mtaa

Kuhusu ushuru: haupandi kwa tangazo la mdomo. Viwango vinatokana na sheria ndogo. Halmashauri inaandaa rasimu, inawatangazia wananchi watoe maoni na pingamizi, Baraza linapitisha, inapita kwa Mkuu wa Mkoa, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, ndipo inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali. Mwulizeni mkusanyaji namba hiyo, na jedwali la viwango libandikwe mwaloni. Azimio la Baraza peke yake halitoshi kuwatoza.

Msigome kulipa kiwango cha sasa. Lipeni, mdai stakabadhi ya mashine, na msome kilichoandikwa: aina ya chanzo, idadi ya magunia, kiasi. Stakabadhi ya magunia mawili kwa mzigo wa magunia matano ni fedha ambayo haitakaa ijenge choo.

Walioko Ukerewe, Sengerema au Buchosa wanaoishi kijijini watambue tofauti: kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake na kuzipeleka halmashauri ziidhinishwe. Mtaa hauna mamlaka hayo.

---

DagaaKavu

Asanteni sana. Tumepita ofisini, mradi upo kwenye kitabu kwa mapato ya ndani, lakini kwenye Mpango wa Ununuzi haumo kabisa. Diwani anasema tusihofu, atatafuta fundi mwenyewe.

---

Kasma

Basi mmepata pa kushika. Kisichokuwemo kwenye Mpango wa Ununuzi hakiwezi kuingizwa NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na ununuzi wa halmashauri unapita humo. Idara inayohusika na mradi ndiyo inayopaswa kuwasilisha mahitaji Kitengo cha Ununuzi ili mpango uhuishwe. Mwulizeni mkuu wa idara hiyo, kwa maandishi, amewasilisha lini.

Fundi hatafutwi na diwani. Madiwani hawamo kwenye Bodi ya Zabuni, na kazi yao ni kumbana Mkurugenzi kwenye kikao. Mpeni swali la kuuliza Baraza la robo hii, lenye kasma ndani yake, na nendeni mkaketi kusikiliza. Vikao vya Baraza ni vya wazi.

---

FundiSanifu

Kazi ikija kwa force akaunti, yaani halmashauri kujenga yenyewe kwa mafundi bila mkandarasi, kutakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Hakikisheni mtu mmoja hakai kwenye mbili. Anayenunua akipokea mwenyewe, hakuna atakayehesabu.

Kamati ya mapokezi ihesabu mzigo ukiwa bado kwenye gari. Nondo za milimita 12 zipimwe kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), zinazoletwa mara nyingi ni nyembamba. Saruji ibonyezwe kila mfuko, wenye mabonge urudi na gari lilelile. Bei za wauzaji zikiombwa, waambiwe mapema kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye bidhaa. Wasipoambiwa, siku ya malipo wanakuta fedha imepungua, na mzigo wa pili hawauleti.