Programu iliniambia nivute yuniti 40: tiba mtandao ya kupunguza uzito imenilaza wodini

Wakuu, uzi ni mrefu, nivumilieni. Nimetoka wodini juzi na mkono bado una alama ya dripu. Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Miezi mitatu iliyopita nilijiunga na huduma ya kupunguza uzito kwa mtandao. Unajaza dodoso, wanasema daktari atalipitia, anakuandikia sindano ya semaglutaidi ya kila wiki, dawa inaletwa mlangoni. Jina la kampuni silitaji, na tafadhali msinifuate inbox kuliuliza. Malalamiko nimeshayapeleka kwa wanaosimamia mambo hayo. Hapa naeleza kilichonipata.

Najua swali la kwanza litakuwa "hospitali hukuziona?" Nimeziona. Kwa miaka tisa nimeingia kwa madaktari na magoti, nimeingia na presha, nimeingia na kikohozi, na kila mara nimetoka na maneno yaleyale: punguza kula. Hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi. Hakuna aliyenipima kiuno. Mmoja aliandika karatasi yote bila kuinua uso. Kwa hiyo nilipokutana na ukurasa unaosema "hapa hakuna atakayekuhukumu", nililia, simu ikiwa mkononi. Hawa watu wanajua wanayemlenga. Wanamlenga mtu aliyekwisha kuaibishwa sana kiasi kwamba kwake kutotazamwa na daktari ni nafuu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata matapishi, na nitalirudia.

Dodoso lenyewe lilinichukua dakika saba. Kuna swali linauliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua saratani fulani ya tezi ya thairoidi. Swali hilo lina maana kubwa, kwa sababu kwenye lebo ya Marekani mwenye historia hiyo haruhusiwi kabisa kupewa dawa hii. Mimi nina mama mdogo aliyefanyiwa upasuaji wa shingo nikiwa mtoto. Sikujua ulikuwa wa nini. Nikaandika "sijui". Kisanduku kikawa chekundu, kikagoma kuendelea. Nikarudi nikaweka "hapana", kikawa kijani, nikapita. Baadaye nilimpigia mama mdogo mwenyewe, akacheka, akaniambia lilikuwa rovu tu, mwanangu, si saratani. Basi nilikuwa salama, lakini nilikuwa salama kwa bahati. Daktari aliye hai angesikia "sijui" na kuniambia kampigie kwanza mama yako mdogo, halafu urudi. Jibu langu la kweli lilikuwa "sijui" na mfumo wao ulikuwa umekataa kulipokea.

Baada ya saa mbili nikapata cheti cha dawa kimeidhinishwa. Hakuna simu. Hakuna video. Hakuna aliyetaka kipimo cha damu, cha figo wala cha sukari. Hakuna aliyeona kama uzito nilioandika ni wangu au wa jirani. Huko Uingereza, mapema 2025, baraza linalosimamia wafamasia lilitoa mwongozo kwamba duka la dawa la mtandaoni lisitoe sindano hizi kwa kutegemea dodoso peke yake, uzito na urefu uthibitishwe kwa njia nyingine, kwa video, kwa kuonana au kupitia kumbukumbu za mgonjwa. Kumbe inawezekana. Kumbe ni suala la kutaka tu.

Sasa nifike kwenye yuniti, na naomba anayetumia dawa hii asiruke hapa.

Dawa niliyoletewa si ile kalamu ya kiwandani ambayo unazungusha mpaka kwenye dozi yako. Ni kichupa kilichochanganywa na duka la dawa, unavuta mwenyewe kwa bomba la sindano la insulini. Dozi ya daktari inahesabiwa kwa miligramu. Bomba limeandikwa yuniti, na yuniti 100 ni mililita moja. Kati ya miligramu na yuniti kuna kitu kinaitwa nguvu ya dawa, yaani kila mililita imebeba miligramu ngapi. Ukibadilisha nguvu, yuniti zilezile zinakuwa dozi nyingine kabisa.

Vichupa vyangu vya mwezi wa kwanza na wa pili vilikuwa na miligramu 2.5 kwa mililita. Mwezi wa kwanza nilivuta yuniti 10, yaani miligramu 0.25. Mwezi wa pili 20, yaani 0.5. Kichefuchefu kilikuwepo, nilikivumilia, nilipungua kilo tano na nilikuwa na furaha sijapata kuwa nayo muda mrefu. Mwezi wa tatu programu ikaandika: "Hongera! Wiki hii unapanda. Vuta yuniti 40." Kwa kichupa cha zamani hiyo ni miligramu 1, ndiyo hatua inayofuata. Lakini walibadilisha duka la dawa bila kuniambia, na kichupa kipya kilikuwa na miligramu 5 kwa mililita. Kifuniko kilekile, ukubwa uleule, herufi za kutafuta kwa miwani. Yuniti 40 zikawa miligramu 2. Nilitoka nusu miligramu wiki iliyopita, nikajidunga mara nne yake kwa usiku mmoja, kwa maelekezo yao.

Ijumaa usiku nilidunga. Jumamosi alfajiri nikaanza kutapika. Kufika adhuhuri hata maji hayakai. Mkojo ulikuwa rangi ya chai. Dawa hii huchukua kama wiki nzima kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ukishazidisha hakuna cha kuitoa, unaishi nayo.

Niliwaandikia kupitia programu yao: "Nimetapika mara sita tangu alfajiri, siwezi kunywa maji, nifanye nini?" Jibu likaja baada ya saa nne: "Kichefuchefu ni dalili ya kawaida na kwa kawaida hupungua. Kula kidogo kidogo na unywe maji ya kutosha." Nikaandika tena kwamba maji hayakai. Likaja hilohilo. Nikaandika mara ya tatu kwamba tumbo linauma hadi mgongoni. Likaja hilohilo, neno kwa neno, na chini yake jina la mhudumu mwingine. Maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni kwa mtu anayetumia sindano hizi yanaweza kuwa kongosho limevimba. Hilo limeandikwa kwenye karatasi ya dawa yenyewe kama onyo. Mtu yeyote aliyesomea afya angeniambia nenda hospitali sasa hivi. Nina picha za mazungumzo yote.

Jumapili mume wangu akanibeba hadi chumba cha dharura. Nesi wa zamu aliuliza natumia dawa gani, mume wangu akamkabidhi mfuko aliouzoa kwenye mlango wa friji, vichupa vyote viwili vikiwamo, cha zamani kikiwa kimebaki na tone chini. Akavisogeza kwenye taa, akavigeuza taratibu, kimoja kila mkono. Akaniuliza, "Dada, hiki kipya umevuta mpaka wapi?" Nikamwambia, "Arobaini, sista, ndivyo simu ilivyosema." Akavishusha mezani vikiwa vimebanana, akaweka kidole kwenye 2.5, akakihamisha kwenye 5. Hakusema kitu. Akaenda kumwita daktari.

Ilimchukua chini ya dakika mbili. Mtu mmoja, taa moja, vichupa viwili. Kampuni iliyonitoza miezi mitatu kwa "ufuatiliaji wa kitaalamu" haikuwa na mtu wa kufanya hivyo.

Bahati nzuri kongosho lilikuwa zima. Figo zilikuwa zimeanza kulalamika kwa kukosa maji. Nililazwa siku mbili, dripu mchana na usiku, na daktari wa wodi alinieleza kwa upole kuliko nilivyotendewa na wote kabla yake. Nimemshukuru na nitamrudia.

Halafu kinachonipandisha hasira zaidi ni kwamba kosa hili si geni. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya jambo hilihili: watu wanaovuta wenyewe semaglutaidi kutoka kwenye vichupa vya kuchanganywa walijidunga mara 5 hadi 20 ya dozi waliyotakiwa, na wakati mwingine waliokosea hesabu walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Wengine walilazwa. Kwa hiyo anayeendesha biashara hii leo anajua hatari iko wapi. Iko kwenye ubadilishaji wa yuniti. Na ndipo hapo walipoweka mashine itume namba bila kujua ni kichupa gani kimesafirishwa.

Sitaki mtu aseme dawa ni mbaya. Kwenye utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, wa watu 1,961, waliopewa dawa hii walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao ndani ya wiki 68. Lakini dozi yao ilipandishwa polepole kwa wiki 16, na kulikuwa na watu wakiwafuatilia. Tiba ni huko kupandisha. Cheti cha dawa ni kipande kidogo tu cha kazi ya daktari, na hawa wameuza kipande hicho, wakaitupa kazi yenyewe.

Wala sipingi tiba mtandao. Mtu anayefanya kazi usiku, mtu aliye mbali, mtu kama mimi niliyekuwa naogopa kile kiti cha kusubiria: kuonana na daktari kwa video kunaweza kumwokoa. Daktari akikuona uso, akataka vipimo, akakuambia "nionyeshe kichupa kwenye kamera kabla hujavuta", hiyo ni tiba kamili. Sekunde thelathini za kamera zingenitosha.

Pesa nazo? Siku ya pili nikiwa wodini kadi ilikatwa kwa mwezi wa nne. Kujiunga ni kubonyeza mara moja. Kujiondoa ni kupiga namba ambayo haipokelewi. Nimefunga kadi benki.

Ninachotaka kwao ni vitu vitatu na nimewaandikia hivyo. Wanirudishie gharama za hospitali. Wanipe jina na namba ya usajili ya daktari aliyeidhinisha dozi ya yuniti 40, kwa sababu kwenye cheti kuna sahihi ya mtu ambaye sijawahi kusikia sauti yake. Na wampigie simu, si meseji, kila mteja aliyetumiwa kichupa cha miligramu 5. Hili la tatu wangelifanya leo, hayo mawili ningeweza kuyasubiri.

NYONGEZA: Wengi mnauliza kama nitaendelea na dawa. Nimesimamishwa kwa sasa, daktari wa wodi ataamua baada ya vipimo vya figo. Amenieleza pia jambo ambalo kampuni haikuwahi kunigusia, kwamba wengi wakiacha uzito hurudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Ukurasa wao unasema "anza leo, acha wakati wowote". Unaacha, halafu nani anakushika mkono?

Kwa yule aliyesema ningesoma lebo mwenyewe: niliisoma. Nikaona jina la dawa, jina langu na tarehe. Sikujua kwamba namba ndogo ya chini ndiyo inayobeba kila kitu, na hakuna aliyenifundisha. Wewe ulizaliwa unajua?

NYONGEZA YA PILI, leo asubuhi: Nimefungua programu nipige picha za ushahidi zaidi. Imenipandisha. Pamoja na barua zangu zote, pamoja na kuwaeleza nililazwa, imeandika: "Hongera! Hatua inayofuata: vuta yuniti 68." Kwa kichupa nilichonacho hiyo ni miligramu 3.4. Ratiba ya kawaida ya sindano hii inaishia 2.4, tena baada ya wiki 16 za kupanda hatua kwa hatua.

Kama una kichupa kilichoandikwa 5 mg/mL na simu yako inakwambia 40 au 68, usivute. Kipeleke kwa mfamasia yeyote aliye karibu, mwonyeshe kichupa na bomba, ahesabu mbele yako.