Naomba ushauri: mbweha kapigana na mbwa wangu, mmoja hana chanjo

Wadau, habarini za asubuhi. Mimi niko pembezoni mwa Mugumu, Serengeti.

Jana mchana kweupe mbweha aliingia uani anayumba miguu ya nyuma, udenda unamtoka, kelele za watu hata hazimshtui. Mbweha ninaowajua mimi wakikuona tu wanatimka. Mbwa wangu akamvaa, na mtoto wa mbwa naye akajitosa. Majirani wakamuua huyo mbweha kwa fimbo; mzoga tumeufunikia karai, watoto wasiuguse.

Mbwa mkubwa alichanjwa kichaa cha mbwa mwaka jana, kadi ipo. Amechanika sikio. Mdogo hajafikisha miezi mitatu, hajachanjwa, na ana matundu mawili ya meno shingoni. Tumewaosha kwa sabuni na maji mengi, kila mmoja kafungiwa peke yake. Shemeji aliyewaosha ana mchubuko kidoleni, huyo nimeshamtuma kituo cha afya, hilo si la kusubiri ushauri. Afisa mifugo wa kata yuko safarini, simu haipatikani.

Maswali yangu: huyu mkubwa akirudiwa chanjo sasa, nimtenge kwa muda gani? Na mdogo, kuna namna ya kumwokoa kwa usalama, au alalishwe tu? Mke wangu hataki kulisikia hilo la pili.

Pia kama kuna anayejua mzoga unapelekwaje kupimwa kutoka huku, anielekeze, maana joto ni kali na nyama haingoji.