Wewe ni mteja wa hadithi za aina gani? Tupeane uzoefu

Kijana wa Reli
Wakuu salaam. Leo tuache siasa na mpira kidogo. Nataka kujua mwenzangu husoma hadithi za namna gani ukiwa peke yako, zile ambazo hakuna mwalimu aliyekutuma. Upelelezi, mapenzi, majini, za kale? Na ulianzaje?

Naanza mimi. Ugonjwa wangu ni upelelezi, na nimeambukizwa na kitabu ambacho mpaka leo sijui kinaitwaje. Mwaka 1993, Tabora, nipo darasa la sita, kaka yangu karudi likizo na kitabu hakina jalada. Kinaanzia ukurasa wa 9. Mtu anashuka kwenye teksi usiku, mkononi sanduku la ngozi, na mlinzi wa geti, ana kilema cha mguu, anamtazama asimsalimie. Nilisoma kwa koroboi mpaka alfajiri, pua zimejaa masizi. Nikafika ukurasa wa 142. Mpelelezi kawakusanya watu wote sebuleni, kanyoosha kidole, kasema, "Muuaji ni". Basi. Kurasa zilizobaki hakuna.

Nikamwamsha kaka. Akanijibu huku kafumba macho kwamba hata yeye alikipata hivyohivyo, shule yao nzima wamekisoma bila mwisho, na kila bweni lina muuaji wake. Bweni lao walisema ni daktari.

Tangu hapo nikinunua kitabu cha upelelezi nafungua nyuma kwanza. Sisomi, nahakikisha tu kwamba mwisho upo. Karibuni.

Mama Watatu
Mapenzi, bila kuficha. Na mkinicheka potelea mbali.

Mzee wangu alikuwa ananunua gazeti la wikiendi kwa ajili ya mpira. Mimi nilikuwa nasubiri amalize niende ukurasa wa ndani, ile hadithi ya mfululizo. Yaani msichana kasimama mlangoni, barua mkononi, mvua inanyesha, halafu chini wanakuandikia "Itaendelea wiki ijayo". Wiki nzima nafua, napika, nachota maji, akili iko kwa yule binti mlangoni.

Nikaanza kukata zile hadithi na kuzibandika kwenye daftari kubwa la kaunta. Gundi sina, natumia uji wa ngano. Nilifika sehemu ya 31. Siku moja nafungua kabati, mende wamekula. Walifuata ule uji, wakala na mapenzi yangu yote, wakaacha vichwa vya habari. Nililia mama akadhani nimefiwa.

Wiki zingine hela ya gazeti haikuwepo, basi naenda kwa mama muuza maandazi kumwomba anifungie kwa karatasi niitakayo mimi. Kuna sehemu ya 18 nimeisoma ikiwa na duara za mafuta, maneno mengine nimebuni mwenyewe. Nahisi nilibuni vizuri kuliko mwandishi.

Mzee wa Upanga
Kijana wa Reli, hicho kitabu kisije kikawa cha Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba.

Sisi tulioanza na Gamba kwenye *Kufa na Kupona* cha mwaka 1974 hatukuwa tunasoma ndoto. Kinaanza na nyaraka za siri za wapigania uhuru kuibwa Dar es Salaam. Sasa wewe fikiria: Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yalikuwa hapahapa mjini tangu 1963. Watu wa Msumbiji, wa Angola, wa Afrika Kusini tunapishana nao barabarani, tunakaa nao baa moja. Nilipomaliza kile kitabu, kila mtu aliyevaa miwani ya jua nikawa namshuku. Nilimfuata bwana mmoja kutoka Mnazi Mmoja mpaka Kisutu, kumbe anakwenda kwa kinyozi.

Vijana wa leo wanataka mapelelezi ya New York. Sawa. Lakini utamu wa kumwona jasusi anakata kona kwenye mtaa uliokojoa ukutani kwake utotoni, huo hauuzwi.

Kijana wa Reli
Shikamoo mzee. Si Gamba. Gamba hakusanyi watu sebuleni, yeye ngumi kwanza, maswali baadaye.

Mzee wa Upanga
Marahaba. Hapo umesema kweli.

Pwani Mchangani
Miye napenda za kutisha, mizimu na majini, na nna lalamiko langu la tangu utotoni. Lamhusu Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla.

Babu alikuwa nacho *Mzimu wa Watu wa Kale*, chapa ya mwaka 1960, karatasi zishageuka rangi ya chai ya maziwa. Akitusomea baada ya Isha, sauti kaishusha, sie watoto tushagandana. Mtu kauliwa kwenye mzimu, wazee wote wanajua mizimu imekasirika, mambo matamu kweli. Mara huyo, Bwana Msa na kiko chake na Najum msaidizi wake, aja kutwambia hapana, kauliwa na binaadamu. Babu akifurahi! "Mwaona akili hiyo!" Mie nikanuna. Nilimtaka mzimu mimi.

Halafu ukaja ule mwaka 1995 wa popobawa, lile jini la usiku lilotutia khofu Zanzibar. Watu wazima wanalala nje barazani kwa makundi, mikeka imepangwa kama msibani, na usiku kucha hadithi moja baada ya nyingine, kila msimuliaji amshinda mwenziwe. Babu naye katoka na mkeka wake. Nikamuuliza, "Babu, Bwana Msa angesemaje?" Akanambia nilale.

Mpaka leo sijasoma kitabu kilichonitia khofu kama zile siku za barazani. Waandishi wetu wa kutisha wakimaliza hueleza mno. Niachieni mlango nusu wazi mie.

Bibi Harusi Mtarajiwa
@Pwani Mchangani "nilimtaka mzimu mimi" 😂😂 nimecheka kwenye daladala watu wananiangalia

Mwalimu wa Bonde la Ufa
Hamjambo kutoka Kenya. Mimi nitakiri jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili hafai kukiri: *Siku Njema* nilikichukia. Kilikuwa kitabu teule tulipokuwa sekondari, na kila ukurasa ulikuwa swali. Eleza sifa nne za Kongowea, mhusika mkuu. Fafanua matumizi ya taswira. Ningetaja ukurasa wowote wenye tashbihi hata ukiniamsha saa nane za usiku, lakini sikuwahi kumhurumia yule kijana hata kidogo.

Miaka kadhaa baada ya mtihani nilikipata tena Nairobi, kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara tunaowaita "inama", kwa kuwa lazima uiname kuvichagua. Mtu alikuwa amekipigia mistari kwa kalamu nyekundu, "dhamira ya kwanza", "dhamira ya pili". Nilikuwa nasafiri kwenda Kitale siku hiyo, na ndiko alikoelekea Kongowea akimtafuta babake. Nikasoma ndani ya matatu. Kufika Nakuru nimemaliza kicheko, kufika Eldoret mama wa kiti cha pili ananipa kitambaa cha kujifutia machozi, ananiuliza kama nimefiwa.

Kwa hivyo jibu langu: napenda hadithi za mtu aliye safarini akitafuta ukoo wake. Na siku hizi darasani nawaachia wanafunzi wiki moja ya kwanza wasome tu, hakuna swali. Mkuu wa idara hajajua.

Kalamu ya Ziwa
Kwetu Ukerewe mama alisoma *Rosa Mistika* kwa kujificha chini ya godoro, kwa sababu kilipotoka 1971 kilipigwa marufuku shuleni. Nilipofika umri wake akanipa mwenyewe, akasema, "Soma, ila baba yako asikuone." Kwa hiyo mimi ni zile zinazofungiwa. Sina maelezo zaidi 🙂

Mtoto wa Bandari
Mimi ni hadithi za WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Nimelipa elfu moja kwa M-Pesa nitumiwe mpaka mwisho. Sehemu ya 47, mke kafungua sanduku la mume, mwandishi kazima simu. Mwezi wa tano huu. Hela sina uchungu nayo, nataka kujua kwenye sanduku kuna nini.

Mama Watatu
@Mtoto wa Bandari pole mdogo wangu. Angalau wako si mende.

Roketi
Kuna anayeandika za sayansi kwa Kiswahili? Vyombo vya anga, roboti, maisha ya mwaka 2200? Natafuta mpaka nimechoka. Nimeanza kuandika yangu, sura tatu, nimekwama kwenye kumpa roboti salamu. Atamwamkia nani shikamoo?

Mzee wa Upanga
Aliyemtengeneza.

Fundi Saa wa Moro
Nimechelewa, lakini Kijana wa Reli nijibu haraka. Yule mlinzi wa geti, kilema mguu gani?

Kijana wa Reli
Kushoto. Na alikuwa anavuta mguu kwenye kokoto, ndiyo maana baadaye walisikia.

Fundi Saa wa Moro
Na sanduku lina kufuli mbili, moja haifanyi kazi?

Kijana wa Reli
Mungu wangu. Ndiyo.

Fundi Saa wa Moro
Cha kwetu nacho hakina jalada, ila huku nyuma kimekamilika. Kiko kwenye sanduku la marehemu baba, Morogoro, funguo anazo dada yangu. Jumamosi naenda. Nikwambie muuaji sasa hivi au nikupigie picha kurasa usome mwenyewe?

Kijana wa Reli
Usiniambie. Wala mtu mwingine asiandike kitu hapa. Subiri kwanza nimpigie kaka.