Epo linaniwasha mdomo kipimo kinasema sina shida, karanga nakula kila siku kipimo kinasema nina aleji. Nishike lipi?

pua_bomba
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimevurugwa. Nina mafua ya aleji zaidi ya miaka kumi sasa, kila msimu wa chavua ni chafya, macho kuwasha, pua inatiririka kama bomba bovu, hiyo nimeshaizoea. Sasa miaka miwili hii nikila epo bichi (namaanisha halijapikwa, sio halijaiva) mdomo unaanza kuwasha ndani ya dakika mbili tatu, midomo inavimba kidogo, hadi ndani ya masikio kunawasha, halafu baada ya nusu saa inaisha yenyewe. Karoti hivyo hivyo, na pichi. Vikipikwa nakula freshi kabisa.

Nikaenda kwa daktari, akanipima ngozini kwa zile dawa za matone, epo likatoa HAKUNA. Akachukua na damu, majibu yakaja na vyakula tisa eti nina aleji navyo, karanga ikiwemo, na karanga mimi nakula karibu kila siku tangu utotoni sijawahi hata kujikuna. Nimeambiwa niache vyote tisa. Hivi ni mimi sielewi au?

mchunguza_ngozi
Mkuu hayo majibu wala hayapingani, ila yamesomwa vibaya. Ugomvi wa mwili wako ni na protini ya kwenye chavua, mara nyingi ni ya mti wa betula, inaitwa Bet v 1. Epo, karoti, pichi, lozi na hata karanga zina protini zinazofanana nayo, kwa hiyo kinga yako inamkamata ndugu kwa kosa la ndugu. Hizo protini ni legelege, moto unaziharibu na tumboni hazifiki mbali, ndo maana muwasho unaishia mdomoni na ukipika unakula bila shida.

Sasa ile dawa ya kichupa imetokana na epo kweli, lakini protini hiyo hiyo legelege inaharibika wakati dawa inatengenezwa, wanakuchoma na kitu ambacho kilishakufa. Kinachotakiwa ni epo lenyewe: sindano inachomwa kwenye tunda halafu hiyo hiyo inakuchoma kwenye ngozi ya mkono, unasubiri kama dakika 15 uone kama panavimba. Swali moja, siku ya kipimo ulikuwa unakunywa setirizini au dawa nyingine ya aleji?

pua_bomba
Ndio nilikuwa nakunywa, hakuna aliyeniambia niache 😩

mchunguza_ngozi
Na ile alama ya histamini, tone la kulinganishia ambalo linatakiwa kuvimba, ilivimba?

pua_bomba
Ilivimba, na ya chavua ya betula ilivimba vizuri tu, kubwa kuliko zote.

mchunguza_ngozi
Basi dawa haikuua kipimo, ingekuwa imekiua hata hizo zisingevimba. Ila next time acha mapema, uliza dawa yako inatakiwa siku ngapi, nyingi wanasema kama wiki. Kipimo cha damu chenyewe hakijali kama umekunywa dawa.

Kuhusu karanga: IgE (kingamwili za aleji) kuonekana kwenye damu maana yake mwili unaitambua hiyo protini, haimaanishi ukila utaumwa. Wanaweza kupima kwa vipande, Ara h 8 ndo ile inayofanana na ya betula, Ara h 2 ndo ya karanga yenyewe na hiyo ndo ya kuogopa. Ila mtu anayekula karibu kila siku na haumwi, jibu analo tayari, karatasi inafuata nyuma. Mimi sijaona sababu ya kukunyima vyakula tisa kwa karatasi moja.

tumbo_la_mashaka
Afadhali wewe, mi nilinunua kipimo cha mtandaoni cha IgG (kingamwili tofauti na hiyo IgE), nikaambiwa ngano, maziwa, mayai, nikaacha vyote miezi minne nikabaki mifupa. Nilipoenda kwa daktari wa aleji akaniambia IgG inaonyesha tu kwamba hicho chakula nakila. Yaani nililipia kuambiwa ninachokula.

mkimbiaji_asubuhi
Naomba nitie neno maana hapa mnafanya ionekane ni kitu cha kuwasha mdomo tu. Mimi pia nina ya betula, epo linaniwasha kama wewe miaka na miaka. Siku moja nimetoka kukimbia, tumbo tupu, nikapiga glasi nzima ya maziwa ya soya, dakika kumi uso umevimba, koo linabana, nikaishia kuchomwa adrenalini. Soya nayo ina protini yake inayofanana na ya betula, inaitwa Gly m 4, na maziwa yake unayanywa mengi kwa mkupuo. Mazoezi, pombe na dawa kama aspirini vinaweza kuifanya iwe mbaya zaidi. Mwambie daktari hayo yote, sio chakula tu, mwambie ulikula kiasi gani na ulikuwa umetoka kufanya nini.

mchunguza_ngozi
Umesema vizuri. Na tunda likikuletea shida hata likipikwa, au dalili zikishuka chini, vipele mwili mzima, kutapika, kukosa pumzi, hiyo ni hadithi nyingine. Kuna protini nyingine inaitwa LTP, kwenye pichi imejaa zaidi kwenye ganda, haijali moto wala asidi ya tumboni. Hapo ndo wanapima Pru p 3, yaani LTP ya pichi. Na kama bado hakueleweki, kuna kulishwa chakula kidogo kidogo hospitalini huku wanakuangalia, hiyo ndo inamaliza ubishi. Usijaribu nyumbani.

pua_bomba
Asanteni sana wakuu. Nimepata miadi kwa daktari wa aleji mwezi ujao, nimepiga simu wamesema nije na matunda yangu 😂 Epo nibebe lolote tu au lile lile linaloniwasha?

mchunguza_ngozi
Lile lile, aina zinatofautiana. Na usilimenye.